Rupia 75 kwa Mwezi, kwa Miaka 20

Gopal Krishna Gokhale alikuwa na umri wa miaka 20 alipokubali kujifunga. Mwaka ulikuwa 1886, mji ni Pune, magharibi mwa India, na ahadi aliyoitoa ilikuwa kufundisha kwa miaka 20 kwa mshahara wa rupia 75 kwa mwezi. Aliyekuwa na digrii wakati ule alikuwa mtu adimu. Angeweza kuingia serikalini akala mshahara mnono, au kusoma sheria akawatoza wateja anavyotaka. Nyumbani kwao walikuwa na kila sababu ya kumtaka afanye hivyo: baba alishafariki, na kaka yake mkubwa, Govind, aliwahi kufanya kazi ya mshahara wa rupia 15 na katika hizo akawa anamtumia mdogo wake rupia 8 kila mwezi ili asome. Familia iliyojibana namna hiyo hungoja siku ya kupumua. Gokhale akaenda kuwa mwalimu.

Chuo alichokwenda kukitumikia ni Fergusson, na mimi nimesoma hapo. Nilitoka Unguja nikaenda Pune kusoma hisabati, nikijua kuhusu chuo hicho mambo mawili tu: kwamba ni cha zamani na kwamba ada yake tungeiweza. Habari za akina Gokhale nilizipata huko huko, taratibu, na kila nilipopata moja nilizidi kukiheshimu. Nimekuwa nikitaka kuziandika kwa Kiswahili kwa muda mrefu, kwa sababu vijana wetu wengi wamepita Pune, Bangalore na Hyderabad, wakarudi na vyeti na picha, na hadithi ya vyuo vyenyewe ikabaki kule.

Ilianza na shule. Mwanzoni mwa 1880 kijana Bal Gangadhar Tilak, mwandishi Vishnushastri Chiplunkar na wenzao walifungua shule ya sekondari mjini Pune, New English School, na muda si mrefu akajiunga Gopal Ganesh Agarkar, rafiki yake Tilak tangu walipokuwa wanafunzi wa Deccan College. Tilak na Agarkar walizaliwa mwaka mmoja, mwezi mmoja, Julai 1856. Walikuwa wamekesha wakizungumza jambo moja: nchi iliyotawaliwa itaamka vipi? Jibu lao lilikuwa elimu, tena elimu inayotolewa na Wahindi wenyewe, kwa bei ambayo mtoto wa karani ataimudu. Mwaka uliofuata wakaanzisha na magazeti mawili, moja la Kimarathi, lugha ya watu wa Pune, na moja la Kiingereza, na mwaka 1882 wote wawili wakafungwa jela Bombay siku 101 kwa kesi ya kashfa iliyohusu utawala wa Kolhapur. Walipotoka walirudi darasani.

Oktoba 1884 wakaunda chama cha elimu, Deccan Education Society, na tarehe 2 Januari 1885 chuo kikafunguliwa. Hakikuwa na jengo lake. Madarasa yalifanyika katika nyumba ya kizamani ya mjini, ndani ya mitaa ya Pune ya kale. Mkuu wake wa kwanza, Vaman Shivram Apte, alikuwa hajafika hata miaka 30, na ndiye yule Apte ambaye kamusi yake ya Kisanskriti bado ipo mezani kwa wanafunzi wa lugha hiyo duniani kote. Alifariki mwaka 1892, miaka saba baada ya kushika uongozi.

Jina la chuo huwashangaza wengi. Watu waliofungwa na Waingereza wanakiitaje chuo chao jina la gavana Mwingereza? Sir James Fergusson alikuwa gavana wa Bombay, alikiunga mkono chuo na akatoa mchango wa rupia 1,200. Wale vijana walihitaji kibali, ardhi na fedha za matajiri, na jina la gavana lilifungua milango hiyo. Mimi siwalaumu. Jina walilitoa, uongozi hawakuutoa.

Na hapo ndipo penye kiini cha hadithi yote. Chuo hiki hakikuwa cha serikali, hakikuwa cha wamisionari, wala hakikuwa na tajiri mmoja aliyekimiliki. Wenye chuo walikuwa walimu wake. Aliyekubali kufundisha kwa miaka 20 kwa mshahara mdogo alikuwa mwanachama wa maisha, na wanachama wa maisha ndio waliokaa kikao, wakapanga ratiba, wakaamua nani aajiriwe, fedha zitumikeje na nani awe mkuu. Mwalimu wa jiometri alitoka darasani akaingia kikaoni kujadili bei ya mawe ya ujenzi. Likizo ikifika, wengine walifunga safari kwenda kwa wafalme wadogo wa Maharashtra, eneo ulipo mji wa Pune, na wafanyabiashara wa Bombay kuomba michango. Kwetu, tangu uhuru, tumezoea chuo kuletwa na serikali au na kanisa, na siku hizi na mwekezaji. Chuo kinachoendeshwa na walimu waliotoa miaka yao kama mtaji ni kitu ambacho sikuwahi kukifikiria kabla ya kwenda Pune.

Watu wenye mali ya pamoja hugombana, na hawa waligombana sana. Tilak aliamini mwanachama wa maisha aishi kama mtawa wa Kijesuiti: mshahara mdogo, kazi nyingine yoyote ya kulipwa marufuku, na akipata senti nje, senti ile iingie mfuko wa chama. Agarkar, ambaye alikuwa maskini kuliko wote, na Gokhale walisema mwalimu mwenye familia anahitaji nafasi ya kupumua. Gokhale alikuwa ameandika kitabu cha hesabu cha shule kilichomletea kipato, na mwaka 1890 akapewa kazi ya ukatibu katika chama cha siasa cha mjini. Kwa Tilak hilo lilikuwa limevuka mpaka. Mwisho wa mwaka huo akaandika barua ndefu sana ya kujiuzulu, akaondoka katika chuo alichokianzisha kwa mikono yake akiwa na miaka 34.

Lakini chini ya ugomvi wa fedha kulikuwa na ugomvi mkubwa zaidi. Agarkar alitaka jamii ya Kihindu ijirekebishe kwanza: wajane waruhusiwe kuolewa tena, watoto wa kike wasome, ndoa za utotoni zikome, tabaka zipunguzwe nguvu. Tilak alitaka uhuru kwanza, na hakupenda serikali ya kikoloni ipewe ruhusa ya kugusa mila. Mwaka 1891 ilipotungwa sheria ya kupandisha kutoka miaka 10 hadi 12 umri ambao msichana, hata akiwa ameolewa, hapaswi kuingiliwa kabla yake, Tilak aliipinga na wanamageuzi wakaiunga mkono. Marafiki waliowahi kulala jela moja sasa walirushiana maneno makali magazetini mbele ya mji mzima. Wahafidhina wa Pune walimchukia Agarkar kiasi cha kumfanyia maandamano ya mazishi akiwa hai, wakabeba jeneza la mzaha barabarani.

Agarkar ndiye ninayempenda kuliko wote, na sitaficha. Alipokuwa bado mwanafunzi alimwandikia mama yake barua ambayo kila mtoto wa Maharashtra ameisikia: kwamba mama asitarajie utajiri kwa sababu mwanawe amefaulu mitihani mikubwa, maana ameamua kuridhika na cha kujaza tumbo na kutoa muda wake wote kwa ajili ya watu wengine. Alikuwa mgonjwa wa pumu. Alishika ukuu wa chuo baada ya Apte, mwaka 1892, akafariki Juni 1895 akiwa na miaka 38. Hakufikisha hata ile miaka 20 aliyoahidi.

Nisipoandika na upande wa pili nitakuwa nimewapamba bure. Karibu wote hawa walikuwa Wabrahmini, tabaka la juu kabisa la Wahindu, tena wa ukoo mmoja wa Chitpavan. Katika mji huo huo Jotirao Phule na mkewe Savitribai walikuwa wamefungua shule ya wasichana tangu 1848, miaka 37 kabla ya Fergusson, wakafundisha na watoto wa tabaka zilizodharauliwa huku Savitribai akitupiwa matope njiani kwenda kazini. Mwaka 1882 Phule aliiambia tume ya elimu ya serikali kwamba kodi ya mkulima inasomesha watoto wa tabaka la juu vyuoni ilhali mtoto wa mkulima hana hata shule ya msingi. Hoja hiyo iliwagusa waanzilishi wa Fergusson moja kwa moja. Wachache waliisikia. Polepole chuo kilifungua mlango: Vitthal Ramji Shinde, kijana asiyekuwa Mbrahmini, alihitimu hapo mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1906 akaanzisha kazi kubwa ya kusomesha watoto wa jamii zilizoitwa najisi. Ila mlango ulichelewa, na Pune yenyewe leo hujadili habari hiyo bila kuogopa.

Sasa niwapeleke ndani ya lango.

Barabara inayopita mbele ya chuo ina jina rasmi la Gokhale, lakini hakuna dereva wa bajaji atakayekuelewa ukilitaja. Ni FC Road, basi. Upande mmoja maduka ya nguo, viatu na vitabu vya mtumba, na migahawa ya dosa na kahawa ambayo Jumapili asubuhi watu hupanga foleni nje wakiandikisha majina. Wasichana wanapita na skuta, wamejifunga mitandio uso mzima yamebaki macho, kwa sababu ya vumbi na jua. Ukivuka lango, kelele zinabaki nyuma yako. Kuna miti mikongwe, jengo kuu la mawe, maktaba ya Wadia, ukumbi wa mihadhara wenye viti vya kupanda kwa ngazi, na nyuma kabisa kilima. Eneo lote ni kama ekari 65, katikati ya mji ambao sasa kila futi ya ardhi yake inagombewa.

Mwaka wa masomo ulianza Juni pamoja na mvua za masika ya kwao. Mvua ile hainyeshi ikaisha kama yetu ya vuli. Inakaa. Nguo hazikauki hosteli, vitabu vinaota ukungu, na kilima kilichokuwa cha rangi ya udongo mwezi Mei kinakuwa kijani kibichi ndani ya wiki mbili. Asubuhi wazee wa mtaa hupanda kilima hicho kwa mazoezi, miavuli mkononi, wakibishana siasa kwa Kimarathi. Huko juu ndiko Gokhale alikokwenda alfajiri ya tarehe 12 Juni 1905 na wenzake watatu kula kiapo cha kuanzisha Servants of India Society, chama cha watu waliokubali kuitumikia nchi maisha yao yote kwa posho ndogo. Alikuwa amekwisha kuiacha kazi ya chuo, akaanza ahadi nyingine.

Mgeni huanza maisha ya chuo cha India kwa karatasi. Kuna barua ambayo wote wanaiita bonafide, inayothibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi wa kweli. Bila bonafide huna laini ya simu, huna pasi ya basi ya mwanafunzi, huna nyumba ya kupanga, na polisi wa uhamiaji hawakuandikishi. Nilijifunza kuomba nakala kadhaa kwa mkupuo. Karani wa dirisha lile alikuwa akiniona tu ananitayarishia.

Chakula cha bwalo kilikuwa chapati, dali, mboga, wali na mtindi, mchana na usiku, na asubuhi poha, yaani pepeta zilizokaangwa kwa kitunguu, haradali na bizari ya manjano. Mtu wa Unguja hukaa wiki mbili kisha roho inamdai samaki. Wenyeji wakanielekeza kwenye vihoteli vya watu wa Malvan, watu wa pwani ya Konkan, ambako mchuzi wa samaki unapikwa kwa nazi iliyosagwa na tunda la kuleta uchachu. Nilipoonja mara ya kwanza nilinyamaza. Bahari ni hiyo hiyo moja, na waliokaa kandokando yake hawakushindwa kupata akili ile ile.

Mahali pa chuo hasa palikuwa katta. Ni ukuta mfupi au kibaraza cha mawe chini ya mti, kama vimbweta vya vyuo vyetu vya Tanzania, na kila kundi lina pake. Watu wa fizikia hawakai kwa watu wa jiolojia. Watoto wa darasa la kumi na moja na kumi na mbili, ambao husoma katika eneo hilo hilo la chuo na kuingia kwake ni kwa alama za kutisha, huzunguka wakiwatazama wakubwa. Pale katta ndipo nilipojifunza Kimarathi changu cha kubahatisha, ndipo nilipoeleweshwa somo la aljebra ambalo darasani lilinipita, na ndipo niliposikia mabishano ya kwanza kuhusu Tilak na Agarkar. Vijana wa miaka 19 walikuwa wakibishana kwa hasira nani alikuwa na haki mwaka 1890! Nilidhani wanatania. Hawakuwa wanatania hata kidogo.

Mvua ilipokuwa imekolea, chuo kilishikwa na homa ya tamthilia. Pune ina shindano la michezo ya jukwaani ya vyuo, Purushottam Karandak, lililoanza 1963, na Fergusson huingia kwa nguvu zote. Wiki nyingi kabla yake unakuta watu wakifanya mazoezi mpaka usiku, mtunzi ni mwanafunzi, mwongozaji ni mwanafunzi, fundi wa taa ni mwanafunzi. Mchezo unapewa saa moja tu. Siku ya chuo chenu kupanda jukwaani mnakwenda wote kushangilia, ukumbi unatikisika, halafu pazia likifunguliwa hakuna anayekohoa. Nilitazama michezo ambayo nusu ya maneno sikuyaelewa na bado nikatoka nimeguswa. Waigizaji wengi wakubwa wa Maharashtra walianzia katika vyuo vya Pune namna hii, na Shriram Lagoo, aliyekuwa daktari kabla ya kuhamia jukwaani moja kwa moja, aliwahi kusoma hapa Fergusson.

Baada ya hapo inakuja sikukuu ya Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo. Tilak, yule aliyeondoka chuoni kwa hasira, ndiye aliyeitoa sikukuu hii majumbani mwaka 1893 akaifanya ya barabarani, ili watu wakusanyike kwa wingi ambao serikali ya kikoloni isingeweza kuuzuia kirahisi. Vikosi vya ngoma hujaa wanafunzi, wavulana kwa wasichana, na mazoezi hufanyika kandokando ya mto kwa wiki kadhaa. Mimi ni Mwislamu na sikushiriki ibada, lakini ngoma zile, mamia zikipigwa kwa pamoja, huzisikii kwa masikio tu. Kifua kizima kinaitikia.

Ndani ya hosteli ya wavulana kuna chumba kilichohifadhiwa. Alikaa humo Vinayak Damodar Savarkar, ambaye mwaka 1905, wakati wa hasira za Waingereza kuligawa jimbo la Bengal, aliongoza wanafunzi kuchoma moto nguo za kigeni. Mkuu wa chuo alikuwa R. P. Paranjpye, mwanafunzi wa zamani wa Fergusson aliyekwenda Cambridge akashika nafasi ya kwanza katika mtihani wa hisabati wa mwaka 1899, Mhindi wa kwanza kufanya hivyo, kisha akayaacha yote akarudi kutimiza ahadi ya miaka 20 kwa mshahara ule ule mdogo. Paranjpye alimtoza Savarkar faini ya rupia 10 na kumfukuza hosteli. Savarkar baadaye akafungwa visiwani Andaman, akawa baba wa siasa ya utaifa wa Kihindu ambayo leo inatawala India. Kuna wanaokizuru chumba kile kwa ibada, na kuna wanaopita wakigeuza uso. Mimi siasa yake siikubali, kwa sababu haina nafasi ya mtu kama mimi. Lakini naona ni vyema chumba kiko pale, hatua chache kutoka darasa la mwalimu aliyemwadhibu, chini ya kilima cha Gokhale aliyepinga njia zake. Mwanafunzi anawakuta wote uwanja mmoja na anapaswa kuamua mwenyewe.

Orodha ya waliopita ni ndefu. Mawaziri wakuu wawili wa India, P. V. Narasimha Rao na V. P. Singh, walisoma hapa. Irawati Karve, mwanaanthropolojia, alisoma hapa katika miaka ya 1920. Kwangu mimi wa hisabati, aliyenisisimua zaidi ni D. D. Kosambi, aliyefundisha hisabati chuoni hapo katika miaka ya 1930 na ya vita, na kwa muda wake wa ziada akawa anapima uzito wa sarafu za kale, moja moja, ili kwa hesabu za takwimu ajue zimechakaa kiasi gani kwa kupita mikononi mwa watu, na kutokana na hapo apange tarehe za historia. Hesabu niliyokuwa nikiifanya kwa ajili ya mtihani ilikuwa imemfikisha mtu mpaka India ya kale.

Wageni tulikuwa wengi: Wairani, Wayemeni, Wasudani, Wakenya, Wacongo, watu wa Mauritius. Sitasema maisha yalikuwa mepesi kwa sote. Kuna wenye nyumba mjini walioghairi kupangisha mara tu walipotuona rangi, baada ya kukubaliana vizuri kwenye simu, na maumivu yake hayasahauliki. Ndiyo maana napenda kisa cha S. B. Mujumdar. Alikuwa mwalimu wa botania Fergusson na msimamizi wa hosteli. Jioni baada ya jioni akawa anamwona msichana akimpitishia kijana kitu dirishani. Alidhani ni mapenzi ya siri. Alipofuatilia akakuta kijana ni mwanafunzi wa Mauritius, anaumwa umanjano, ugonjwa wa ini, hana ndugu wala wa kumpikia, na msichana yule alikuwa akimletea chakula cha mgonjwa. Mujumdar hakuliacha jambo lile lipite. Mwaka 1971 akaanzisha Symbiosis, mwanzoni kama kituo cha kuwasaidia wanafunzi wa kigeni wa Pune, na leo ni chuo kikuu kikubwa. Watanzania wengi wanaokitaja kwenye wasifu wao wa kazi hawajui kwamba kimetokana na sahani ya chakula iliyopitishwa dirishani Fergusson.

Nilikuwa mwaka wa pili nilipokutana na Zanzibar ndani ya maktaba ya Wadia. Mkutubi mmoja mzee, aliponiuliza nyumbani ni wapi nikamwambia, alikwenda nyuma ya rafu akarudi na kitabu kuhusu Gokhale, akakifungua mbele yangu mwaka 1912. Gokhale alikwenda Afrika Kusini mwaka huo kuona hali ya Wahindi na kujadiliana na serikali kuhusu kodi ya pauni 3 iliyowakandamiza vibarua waliomaliza mikataba. Mwenyeji wake alikuwa Gandhi. Wawili hawa walikuwa wameonana tangu 1896, katika viwanja hivi hivi vya Fergusson, na Gandhi alimfananisha na mto Ganga, unaomkaribisha mtu kuoga. Ziara ilipokwisha, Novemba 1912, Gokhale alipanda meli kurudi India, na Gandhi pamoja na rafiki yake Hermann Kallenbach wakamsindikiza baharini mpaka Zanzibar, huku wakiangalia chakula chake kwa sababu alikuwa mgonjwa wa kisukari. Katika bandari zetu alipokelewa kwa heshima. Chini ya miaka mitatu baadaye, Februari 1915, akafariki akiwa na miaka 48.

Gokhale hakuwa mwalimu wa mwisho wa Fergusson kufika kwetu. Tilak alipojiuzulu, nafasi yake ya kufundisha hisabati alipewa Dhondo Keshav Karve. Mwaka 1893 Karve, aliyefiwa na mke, alimwoa mjane, jambo ambalo kwa watu wake lilikuwa aibu kubwa, na kijiji chake kikamtenga. Mwaka 1896 akaanzisha makao ya wajane, baadaye yakahamia Hingane nje ya mji, naye akawa anatembea kwa miguu kwenda kufundisha Fergusson na kurudi, mvua ikinyesha, njia ikiwa tope. Hakuacha darasa, hakuacha makao. Alifundisha mpaka 1914, na mwaka 1916 akaanzisha chuo kikuu cha wanawake, cha kwanza India.

Desemba 1930, akiwa na miaka 72, mwalimu huyu alipanda meli kuja kwetu. Alizunguka miezi 15: Mombasa na Kenya yote, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, Msumbiji ya Wareno mpaka Afrika Kusini, akiwaeleza watu juu ya elimu ya wanawake wa India. Aliishi hadi 1962, miaka 104, akiwa amekwisha kupewa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya India, mwaka 1958 alipotimiza karne.

Safari ile ya Karve ndiyo ninayoifuatilia sasa, mji kwa mji, kupitia magazeti ya Kigujarati na Kiingereza yaliyokuwa yakichapishwa Afrika Mashariki wakati huo. Kama bibi yako au babu yako alikuwa na duka Mombasa, Kampala, Tabora, Dar es Salaam au hapa Mji Mkongwe mwaka 1931, na kwenye albamu ya nyumbani kuna picha ya mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe amekaa katikati ya familia au mbele ya shule ya wasichana, tafadhali niandikie. Hata kama hakuna picha, na kilichobaki ni neno tu, kwamba alipita mwalimu mmoja kutoka Pune, nalihitaji neno hilo.